Kichwa cha Jumatano

Mama Sauti hakupewa jina hilo bure. Akianzisha wimbo kanisani, hata mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake kule nyuma huamka. Kwa sauti hiyo aliuza mboga sokoni na kulea watoto peke yake, na kwa sauti hiyo alikaribishwa katika kikundi cha Neno, akina mama waliokutana kila Jumatano alasiri kwenye karakana ya kushonea ya Mama Mlezi.

Mama Mlezi alikuwa mwenye karakana, mlezi wa kikundi, na tena ndiye aliyempa kazi binti mkubwa wa Mama Sauti. Binti huyo watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama mtu aliiona kazi ile kama jibu la maombi. Mtoto anajifunza ufundi mikononi mwa mtu wa Mungu, mbali na vijana wa kijiweni. Mzazi gani angekataa?

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, na hapo kikundi kilikaa. Cha nyuma kilikuwa na vyerehani, meza ya kupigia pasi na dirisha moja la nondo. Kutoka nyuma hakukuwa na njia ila kupitia mbele. Mama Mlezi alikuwa na utaratibu wake: saa ya Neno ikifika, vyerehani vinyamaze, maana mlio wa cherehani na maandiko havikai chungu kimoja. Lakini kazi isilale. Wasichana wapige pasi, kwani pasi haina kelele. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo pasi zilikuwa za mkaa, zile nzito zenye matundu ubavuni. Dirisha lilifungwa kwa sababu jirani alikuwa na redio. Mlango wa katikati ulifungwa kwa komeo upande wa mbele, wasichana wasije wakapitapita kutafuta maji watu wakiwa wamefumba macho.

Haukupita muda Sindano akaanza kuumwa kichwa.

"Mama, kinagonga kama nyundo."

"Jana kilikuuma?"

"Hapana."

"Juzi?"

"Hapana. Jumatano tu."

Mama Sauti akatua kikapu chake cha mboga. "Jumatano tu. Siku ya Neno. Na wewe hujajiuliza?"

"Nimejiuliza, nimejijibu. Ni kile chumba. Mkaa ndani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Mpole naye wiki iliyopita alitapika."

Mpole alikuwa mwenzake wa kazi, yatima aliyelelewa na bibi yake, msichana wa maneno machache.

"Mpole akitapika huenda ana yake."

"Mpole? Yule akisalimiwa na mwanamume anajificha nyuma ya cherehani! Mama, nyie mnasoma haki huko mbele, sisi huku nyuma tunakaushwa kama samaki."

Mama Sauti alitaka kucheka, akajizuia. "Chunga ulimi. Mvumilivu hula mbivu."

"Na maiti je, hula nini?"

Alipigwa kofi la bega kwa neno hilo, si la kuumiza, la kukanya tu.

Jumatano iliyofuata mama alilipeleka jambo kwenye kikundi. Wakalichambua. Kichwa kinachouma siku ya Neno peke yake, walisema, hicho si kichwa, hiyo ni vita. "Adui anajua kalenda," alisema Mama Mlezi. Mkunga, mama mmoja mtu mzima aliyewazalisha nusu ya waliokaa pale, alikuna shavu.

"Au hewa haitoshi. Hebu tufungue kale kadirisha."

"Na redio ya jirani? Tusome manabii huku tunatikisa mabega?"

Wakacheka, hata Mkunga mwenyewe. Dirisha likabaki vilevile. Sindano aliitwa mbele, akapigishwa magoti, akawekewa mikono kichwani. Walikemea uvivu, wakakemea uasi. Mama Sauti alipofumbua macho kidogo, alimkuta binti yake amefumbua yake pia, anamtazama yeye.

Baadaye kwaya ikaagiza majoho mapya, meupe, ya sikukuu ya kanisa. Jumatano ya kuyanyoosha ikaangukia siku ya mvua. Asubuhi Sindano alikaa kitandani, viatu mkononi.

"Mama, leo nisiende."

"Majoho nani atayanyoosha? Unataka nimtazame vipi Mama Mlezi?"

"Basi umwambie atuachie mlango wazi. Huo wa katikati tu. Mimi nikisema naambiwa nina ulimi. Wewe ukisema atasikia. Si una sauti?"

"Nitamwambia."

"Kweli?"

"Mtoto wewe! Nimesema nitamwambia."

Alasiri Mama Sauti alikwenda akiwa na neno hilo mdomoni, amekusudia kulisema. Lakini alipofika, Mama Mlezi alimvua mtandio uliolowa kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha karibu naye, akasema, "Leo wimbo ni wako, mama, bila wewe hatuanzi." Mtu amekutendea hivyo, utaanzaje kumpangia milango yake? Nitamwambia baada ya wimbo, alijisemea. Baada ya wimbo ikawa sala, baada ya sala kitabu kikafunguliwa. Jiko la kuwashia mkaa, ambalo siku zote lilikaa barazani, lilikuwa limekwisha kuingizwa chumba cha nyuma lisinyeshewe. Komeo likasukumwa.

Siku hiyo walimsoma nabii Amosi, mchunga mifugo aliyetumwa kwa watu wanaopenda ibada. Mama Mlezi alieleza vizuri, hilo tusimnyime. Alisema watu wale walikuwa na sikukuu, sadaka na vinanda, lakini mchana walimkanyaga mnyonge, na Mungu akawaambia waondoe kelele zao mbele yake, kwanza haki itiririke kama mto.

"Sasa Mungu akikataa nyimbo," alisema Mkunga, "Mama Sauti si atakosa kazi?"

Kicheko kilipotulia wakaanza kuwataja wanaokanyaga wanyonge siku hizi. Mmoja akawataja mahakimu, mwingine wenye maduka, mwingine wakubwa wa serikali. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia mlango.

Ndipo kikasikika kishindo nyuma ya mlango. Pu! Kisha mkwaruzo mdogo, chini kabisa. Kisha kimya.

Mama Sauti akainuka nusu.

"Pasi hiyo imewaponyoka," alisema Mama Mlezi. "Wakiunguza joho nitajua la kuwafanya."

"Ngoja nichungulie."

"Keti, mama. Hivi ndivyo adui anavyotukata tukifika penye uzito. Sikiliza, si wametulia? Leo Neno limewaingia hata huko. Tuinulie wimbo."

Akaketi. Akainua wimbo. Aliuimba beti zote, na kiitikio wakakirudia kwa makofi. Sauti yake siku hiyo, watu walisema baadaye, ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Walifungua baada ya sala ya kufunga. Mlango ulikuwa mzito, ulikataa kusukumika, kwa sababu Sindano alikuwa amelala nyuma yake, vidole vimeingia chini ya mlango. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na haikunuka kitu. Majoho yalining'inia kwenye kamba, meupe, yamenyooka kweli, hakuna hata moja lililoungua. Mpole alikuwa chini karibu na jiko, kama mtu aliyejipumzisha.

Mkunga ndiye aliyewaburuta nje kwenye mvua. Aliwapulizia mdomoni kama alivyowapulizia watoto wachanga, akipiga kelele watu wakatafute gari. Sindano alikohoa. Mpole hakukohoa.

Hospitalini daktari, kijana wa kuwazaa, aliwaambia kwamba mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, lakini chumbani unaua, tena polepole, unaanza na kichwa.

"Hawakuwahi kulalamika kuumwa kichwa?"

"Walilalamika," alisema Mama Sauti.

"Mkafanyaje?"

"Tuliwaombea."

Daktari akarudi kwa mgonjwa.

Sindano alirudi nyumbani na mikono inayotetemeka. Aliomba uzi na sindano siku ya kwanza, akajaribu kutunga, akajaribu tena, akaviweka chini. Tangu hapo watu waliacha kumwita lile jina, wakaona haya.

Siku ya maziko ya Mpole kwaya ilikuja na majoho yale, mikunjo ikiwa bado mikali. Mama Mlezi alisema bwana wa bustani amechuma ua lake, maradhi hayana kinga, tusihoji. Kisha akamgeukia Mama Sauti: "Mama, tuinulie."

Mama Sauti akasimama. Watu wakavuta pumzi ili waitikie.

"Komeo lilikuwa upande wetu," alisema.

"Mama, si hapa," alinong'ona Mama Mlezi.

"Ni hapa hapa. Mwanangu alinituma nikuombe uwaachie mlango wazi. Sikukuambia, nilikuonea haya. Walipoanguka nikasikia, nikaimba. Sasa nakuambia mbele ya huyu aliyelala: waachie watoto wa watu mlango wazi."

Akina mama wakatazama viatu vyao. Mmoja akaanzisha wimbo mwingine haraka haraka, mwembamba, ukakosa wa kuubeba. Mkunga peke yake hakuimba. Na kwenye mkeka wa wafiwa, bibi wa Mpole aliinua uso uliokunjamana.

"Komeo gani, mwanangu? Mimi niliambiwa ni maradhi."

Mama Sauti akapita katikati ya majoho meupe, akaketi kando yake, akamshika mkono, akamweleza yote tangu kichwa cha kwanza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa sauti ya chini.

Kikundi kinakutana kwingine sasa, yeye haalikwi. Mzazi mwenzangu, mtoto akikuambia anaumwa kichwa, omba, sikatai, lakini fungua dirisha kwanza. Mama Sauti alilijua hilo kwa kuchelewa. Nyumbani kwake mlango hushinda wazi hata baridi ikiingia, na binti yake, mikono imefichwa chini ya shuka, huuliza bila kugeuka:

"Mama, mlango?"

"Uko wazi, mwanangu."

Kisha huuliza tena.