Watoto wa Sexton

Kaka yangu Royce alianguka na farasi asubuhi moja ya ukungu, kwenye kona ya pili ya uwanja wa mazoezi wa shamba la Haskell, huko Bourbon, Kentucky. Farasi aliinuka. Royce hakuinuka.

Farasi huyo, Sexton, hakurudi tena mashindanoni. Bwana Haskell akamfanya dume la mbegu. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kulea majike na vichanga vyao, mimi ndiye niliyewapokea watoto wake walipozaliwa. Walikuwa wazuri, miguu mirefu, vifua vipana. Nilijitahidi nisiwachukie.

Walipofikia umri wa kubeba mpandaji, vituko vikaanza. Kila mtoto wa Sexton akifika kona ile alihama ghafla kutoka uzio wa ndani, akakimbia katikati ya uwanja, kisha akarudi uzioni mbele kidogo. Farasi wengine walipita bila shida. Na hawa walizaliwa Royce akiwa ameshazikwa.

Tackett, mkufunzi wetu, hakuna kitu asichokifanyia mzaha. "Wanaogopa kivuli cha mti tu hao," alisema. Akaukata mti. Wakahama vilevile. Akafukua udongo wa pale, akamwaga mpya. Wakahama. Siku hiyo hakutania. Alinijia bandani akiwa amemshika jike mmoja mwekundu, mtoto wa Sexton.

"Idella, hebu mpande wewe huyu. Wewe ni damu yake."

"Damu ya nani?"

"Dada, usinilazimishe nimtaje."

Mama akasikia habari hiyo. Aliacha mkate wa mahindi jikoni, akavaa mabuti ya Royce, akatufuata. Tangu msiba alikuwa hajakanyaga uwanjani. Alienda moja kwa moja hadi konani, akasimama, akaita kwa sauti ileile aliyokuwa akimwamshia kwenda shule:

"Royce! Umewasumbua watu vya kutosha. Twende nyumbani, mwanangu. Nakwambia, twende!"

Tackett akavua kofia. Mimi nikapanda.

Jike alikimbia vizuri, mwepesi chini yangu. Tulipoikaribia kona, alihama kama ndugu zake. Sikumvuta, nilimwachia hatamu. Hapo nikasikia vishindo vya kwato upande wangu wa kushoto, kati yetu na uzio. Nikasikia farasi akihema. Kisha nikasikia mtu akipiga ulimi kaakaani, taratibu, kama Royce alivyokuwa akimbembeleza farasi aliyechoka.

Jike hakuwa na hofu hata kidogo. Masikio yake yalielekea kushoto, yametulia. Alikuwa akimpisha mwenzake.

Nilitamani kugeuza kichwa. Niliogopa kumwona, na niliogopa zaidi kuona uzio mtupu. Nikakaza macho mbele mpaka vile vishindo vikakoma na jike akarudi ndani.

Mama alinisubiri pale pale, mabuti yamejaa matope.

"Anakuja?"

"Hapana, Mama. Yuko kazini."

"Mbishi tangu tumboni," akasema, akaketi chini kwenye mchanga na kulia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Tackett na mimi tulimwinua, mmoja huku, mmoja huku.

Jike yule alikuja kushinda mbio Lexington, na sasa ana watoto wake. Nao wanahama pale konani. Sexton alikufa kwa uzee, lakini hakuna kilichobadilika. Tackett anawaambia wapandaji wapya, "Kona ya pili, acheni nafasi ya farasi mmoja kwa ndani." Wakiuliza sababu, anawaonyesha kwa kidevu bibi kizee aliyeketi kwenye kiti cha turubai kando ya uzio. Mama huja kila asubuhi yenye ukungu. Hamwiti tena. Anafumba macho na kusikiliza, na farasi wakishapita, hukunja kiti chake na kurudi nyumbani.