Folda ya Wote

Nanyama wa Kanduyi, Bungoma, alikuwa na ulimi mkali, na ukali wake wote aliutumia kuilinda Folda ya Wote. Mwaka huo wa 2008 yeye na Kiplimo, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha Kitale, walikuwa wakiandika programu ya kuifanya kompyuta moja ijigeuze tano, ili wanafunzi watano wafanye kazi kila mmoja akidhani ana mashine yake.

Shida ni kwamba mashine zenyewe hazikuwa za ukoo mmoja. Ya Nanyama ilikuwa ile ya kawaida ya madukani. Ya chuo ilikuwa dude la msaada kutoka ng'ambo, lenye prosesa ya namna nyingine kabisa. Basi Nanyama akaigawa kazi: yanayofanana kila mahali yakae Folda ya Wote, na yanayohusu mashine moja tu yakae kwenye folda yake, ya Bungoma au ya Kitale. Ndani ya Folda ya Wote, mstari wowote usijue uko kwenye mashine gani.

Kwa kuwa Kiplimo alikuwa msahaulifu, akaanzisha faili aliyoiita WAKOSAJI. Ukichomeka mambo ya mashine yako kwenye Folda ya Wote, jina lako linaingia humo, na faili husafiri na programu popote iendapo. Kiplimo alikuwemo mara kumi na moja. Nanyama hakuwemo hata mara moja, na alihakikisha Kiplimo halisahau jambo hilo.

"Ati umeleta tena vitu vya kwenu?" alimwandikia kutoka saiba, duka la intaneti.

"Niandike tu, bana," Kiplimo alijibu. Kila toleo jipya alilijaribu kwenye dude la chuo, kisha akarudisha maneno mawili: "Iko sawa."

Ijumaa ya majaribio ikafika. Madam Chepchumba, mkuu wa chuo, alikuwa amesema wazi: programu ikifanya kazi leo, chuo kinaichukua, ikikataa, Jumatatu anaagiza ya kampuni nyingine. Miezi minane ya Nanyama ilikuwa ndani ya sidii aliyoibeba mwenyewe hadi Kitale.

Akaitia. Programu ikaamka, ikagusa kumbukumbu ya mashine, ikafa. Akaiwasha tena. Ikafa palepale.

"Si uliniambia iko sawa?" akamgeukia Kiplimo.

"Yangu iko sawa." Kiplimo alikuwa akikagua dari kana kwamba ndiye aliyeijenga. "Fungua faili ya kumbukumbu, hapo Folda ya Wote. Mstari wa mia mbili na nne."

Akafungua. Pale, kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa na nambari: 4096. Kompyuta huikata kumbukumbu yake vipande sawasawa, kama mche wa sabuni. Ya Nanyama hukata vya 4096. Dude la Kitale lilikata vya 65536. Hakuwahi kukaa mbele ya mashine ya namna nyingine, wala haikumpitia akilini kwamba nambari hiyo ilikuwa ya kwao tu, si ya wote.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki mbili. Toleo lako la mwisho lilifia hapo hapo, nikalitengeneza kwenye nakala yangu, nikanyamaza." Kiplimo akatoa flashi mfukoni. "Dawa iko hapa. Lakini si kuna sheria?"

"Sheria gani tena?" Madam Chepchumba akatazama saa yake.

Nanyama aliona aibu. Akafungua WAKOSAJI, akaandika jina lake chini ya Kiplimo wote kumi na mmoja, Madam akisoma kwa sauti nyuma ya bega lake. Kiplimo alicheka mpaka akashika meza. Na Nanyama, pamoja na hasira zake, kicheko kikamponyoka.

Flashi ikaingia. Ile nambari ilikuwa imehamishwa. Sasa kila mashine ilitaja ukubwa wa vipande vyake ndani ya folda yake. Dude likaamka, likafungua madirisha matano, yote mazima.

"Tunaichukua," Madam akasema. "Lakini hii Folda ya Wote, nani ataichunga?"

Nanyama alifungua kinywa kusema "mimi", akasita.

"Kiplimo."

Kiplimo akaacha kucheka. "Mimi? Na nimekosa mara kumi na moja?"

"Wewe unatafuta makosa," Nanyama akasema. "Mimi nilikuwa natafuta yako tu."