Mkono Uliokaa Kimya

Komeo lilikwaruza mlango kwa ndani, likanyamaza, likakwaruza tena. Nje bado kulikuwa giza, na mpiga pasi alisimama kizingitini amejikunyata, anasikiliza. Alishazoea. Mama mkwe wake alikuwa na tabia ya kumweka nje, naye alikuwa na tabia ya kungoja bila kugonga mara ya pili. Angegonga mara ya pili angeambiwa hana adabu. Asingegonga kabisa angeambiwa ana kiburi.

Mwishowe komeo likaachia.

"Umekuja," mama mkwe alisema, kama mtu anayetaja mvua iliyomkuta na nguo kambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umegusa maji?"

"Sijagusa."

"Umewasha moto? Umeshika ufagio?"

"Hapana, mama. Nimetoka kitandani nikaja moja kwa moja."

"Kwa hiyo mwanangu umemwacha bila chai. Ingia."

Ndivyo asubuhi zao zilivyoanza, tangu huyu binti aliposhika njia ya kuja kujifunza kusoma viganja.

Mama mkwe huyo mtaani walimwita Bi Kiganja. Kazi yake aliifanyia pale pale chumba cha mbele, kwenye meza ndogo yenye kitambaa cheupe na taa iliyopunguzwa utambi. Alikuwa na masharti yake. Kiganja alikisoma kabla hakujapambazuka, kabla mwenyewe hajagusa maji wala kazi. "Kikishaoshwa," alikuwa akisema, "kinasimulia habari za sabuni." Tena hakusoma kwa macho. Alifumba macho kwanza, ndipo akapokea mkono wa mtu, akapitisha kidole gumba chake taratibu juu ya mistari, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo gizani. Macho, kwake, yalikuwa ya wanagenzi.

Na mkono wa mke wa mwanawe aliwahi kuusoma. Siku binti alipoletwa kutambulishwa, mbele ya wajomba, mashangazi na majirani waliojaa mpaka uani, Bi Kiganja alifumba macho, akaushika mkono ule, akakaa nao muda mrefu hadi watu wakaacha kutafuna. Kisha akauachia, akasema, "Mkono huu mtupu. Huyu ataondoka."

Ndoa ilifungwa hivyo hivyo. Lakini neno lile liliingia nyumbani pamoja na bibi harusi, na halikutoka. Mwanzoni mumewe alilifanyia utani: mkewe akichelewa kidogo kutoka kazini, alimwambia, "Nilidhani ndiyo umeshaondoka." Utani ukazeeka, ukawa si utani tena. Siku hizi akimwona mkewe anakunja nguo, hata ziwe za mume mwenyewe, alimtazama kama abiria anayefunga mizigo. Hakumpiga, hakumtukana. Aliacha tu kumweleza mambo yake. Mpiga pasi, aliyeshinda siku nzima kwa dobi akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni, alirudi jioni kwenye nyumba iliyokuwa ikimuaga polepole.

Ndipo akaja kwa mama mkwe, akasema, "Nifundishe. Kama mkono wangu ni mbaya, nataka niuone mwenyewe."

Bi Kiganja alimtazama juu mpaka chini. "Nitakufundisha," alisema, "ili ubaya wako uujue kwa majina yake."

Basi asubuhi hiyo binti aliingia, akaenda kukaa kwenye kigoda kama kawaida.

"Hapo siyo," mama mkwe alifoka. "Kaa kwenye kiti. Hicho kigoda kina msumari, kitakuchania gauni, kesho niambiwe nimekuchania makusudi."

Akakaa kwenye kiti, na mwenye nyumba akakalia kigoda chenye msumari.

"Haya, mkono wa kushoto ni wa nini?"

"Ni wa ulichopewa."

"Na wa kulia?"

"Wa ulichokifanyia hicho ulichopewa."

"Unaanza na mstari upi?"

Binti alisita. "Wa maisha?"

"Mjinga!" Kofi likapiga meza. "Kila mjinga anakimbilia wa maisha, anataka kujua kifo. Tunaanza na wa moyo, chini ya kidole kidogo, unakuja nao huku. Kisha wa akili. Wa maisha unaufikia mwisho, mtu akishatulia. Nimekwambia mara ngapi? Au huko kwenu masikio mnapiga pasi pia?"

"Nimekosea, mama."

"Hilo tunalijua. Lete wa kulia. Leo nakuonyesha ulipo utupu wako, uache kunisumbua."

Alifumba macho kabla hajaupokea mkono, kama alivyofanya siku zote. Binti akauweka juu ya kitambaa cheupe. Hakuwa na nia yoyote. Jana yake pasi ya mvuke ilimteleza, ikamuunguza shina la kidole gumba, na mwenzake wa kazini alimfunga plasta nene ya kitambaa, akaibandika na upande wa pili ili isibanduke kwa jasho. Alikuwa ameisahau kabisa.

Kidole gumba cha Bi Kiganja kilianza pembeni, chini ya kidole kidogo. Kikatambaa. Kikazunguka, kikapanda juu ya plasta.

"Wa moyo huu, hauna mbele wala nyuma," alisema. "Sasa huu wa maisha. Umeshuka bila kukatika. Utaishi sana, bahati mbaya yetu. Ngozi yenyewe kavu, mtu hujipaki hata mafuta."

Binti aliinua macho. Alidhani ni kejeli mpya. Lakini uso wa mama mkwe ulikuwa umekazana, unasikiliza, na kidole kilikwenda na kurudi juu ya kile kitambaa kilichovimba kana kwamba kinapita juu ya ngozi. Ndipo akakitazama kidole chenyewe. Nyama ya shina lake ilikuwa imebonyea. Kwenye ncha ya kidole cha pili palikuwa na lengelenge lililopasuka, jekundu, la kuungua, ambalo hakuna aliyeliosha wala kulifunga. Mtu mwenye kidonda cha namna ile hawezi kukiegemeza mezani bila kukunja uso.

"Mama," aliuliza polepole, "unasikia nini hapo?"

"Nasikia ninachosikia."

"Mama, hapo pana plasta."

Macho yakafumbuka. Bi Kiganja akaiona. Akaigusa tena huku akiitazama, mara moja, haraka, kisha akautupa mkono wa mwenzake kama aliyeshika kaa la moto.

"Umenitega!"

"Wallahi sikukutega, nime—"

"Umekuja nyumbani kwangu kunitega kama panya! Nilijua. Tangu siku ile nilijua kuna kitu nawe. Nilikushika mkono mbele ya ukoo mzima, sikusikia kitu. Kitu! Nimeshika mikono ya wagonjwa mahututi, nimeshika ya vichanga, yote ilisema nami. Wako peke yake ulikaa kimya, kama nimeshika mwiko. Ulitaka niseme nini? Nikasema mkono huu mtupu, hauna mtu ndani!"

Alikuwa akihema. Binti alivitazama vile vidole vyake. Kuna jambo lilikuwa linampangika kichwani, pindo kwa pindo.

"Na aliyenifuata mimi?" aliuliza.

"Nani?"

"Yeyote. Mtu aliyekuja kusomewa baada yangu. Mkono wake ulisema?"

Bi Kiganja alikivuta kitambaa cha meza, akakinyoosha.

"Na aliyekuja baada ya huyo, mama?"

Mama mkwe aliviangalia vidole vyake vilivyolala juu ya kitambaa cheupe, kama vitu vilivyosahauliwa na mgeni.

"Ulijua lini?" Sasa sauti ya binti ilikuwa imepanda. "Ulijua lini kwamba siyo mimi? Mwaka ule ule? Na ukanyamaza! Mimi nalala na mtu aliyenipa mgongo, naamka nampikia, anakula ananitazama kama mpangaji aliyepewa notisi. Kwa neno lako. Na wewe umekaa hapa unajua!"

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu."

"Naipandisha!"

"Basi toka! Nenda ukamwambie mumeo kwamba mama yake ni kipofu wa vidole. Aje anibebe kama gunia, aniweke chumba chenu cha nyuma, nile kwa saa zako, ninywe kwa saa zako. Si ndicho ulichokuwa unakitafuta? Nenda!"

Binti alisimama. Alichokuja kukitafuta alikuwa nacho. Angeweza kukipeleka nyumbani asubuhi ile ile, akakimwaga mbele ya mumewe na mtaa mzima, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifika mpaka nusu ya chumba.

Mlango ukagongwa. "Hodi! Bi Kiganja, nimekuja mapema, sijagusa hata kikombe!"

Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye watu walimwita Redio, na sababu ya jina hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aliingia bila kungoja karibu, akajibwaga kwenye kiti, akaweka mkono mezani. Alitaka kujua kama ahamishe cherehani zake kwenye chumba kipya karibu na stendi, au abaki alipo.

Bi Kiganja hakuushika. Mkono wake ulinyanyuka kidogo juu ya kitambaa, ukabaki hewani. Redio akaanza kuutazama.

Mpiga pasi aliuona mkono ule. Alikuwa bado ana hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Lakini alirudi, akavuta kigoda kingine, akakaa ubavuni mwa mama mkwe.

"Leo zamu yangu ya kujifunza," alisema. "Mimi nashika, mama anasema."

Bi Kiganja alimgeukia kwa jicho ambalo, lingekuwa na meno, lingemng'ata. Lakini hakukataa.

Binti aliupokea mkono kwa chini, kwenye kifundo, kama alivyofundishwa, akaulegeza. Akafumba macho. "Hapa mstari wa maisha ume—"

Kofi likamshukia begani. "Wa moyo kwanza! Utajifunza lini?"

Redio alicheka kicheko kirefu. Kisha akakumbuka kitu, akaurudisha mkono wake kifuani. "Lakini, Bi Kiganja, samahani. Si huyu ndiye yule wako wa mkono mtupu? Unampa anishike na mimi ninatafuta riziki? Si ataniambukiza?"

Binti alihisi masikio yanawaka. Hakumtazama mama mkwe. Alijiambia kwamba akitazama itakuwa ni kuomba, na kuomba alishaomba vya kutosha.

"Nilikosea," Bi Kiganja alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema nilikosea siku ile. Wewe ni kiziwi? Mkono wake mzima. Ubovu ulikuwa kwenye wangu, na uko mpaka leo. Vidole hivi havisikii hata moto." Alimwinamia Redio mpaka mwenzake akarudi nyuma na kiti. "Lile la kwanza ulilitangaza mtaa mzima bila kutumwa na mtu. Hili nakutuma. Anzia kinyozi, mwanangu ananyolewa leo. Na hicho chumba cha stendi usihamie, kinavuja. Kwa hilo sihitaji kiganja. Simama, nenda."

Redio alisahau kuaga. Alitoka mbio mbio, kanga moja begani, nyingine mkononi, na waliobaki wakasikia viatu vyake vikiipiga njia.

Hawakukumbatiana. Wala hawakulia.

"Usidhani nakupenda," alisema mama mkwe.

"Sidhani, mama."

"Vizuri."

Binti alikwenda nyuma, akarudi na bakuli la maji na kipande cha kitambaa safi. Akaketi, akakichukua kile kidole chenye lengelenge, akakiosha, akaanza kukifunga. Bi Kiganja aligeuza uso ukutani kama anayetolewa jino.

"Umekaza sana."

"Utajuaje kama nimekaza, na husikii?"

Mama mkwe alimgeukia ghafla. Pembe ya mdomo wake ilicheza, akaizuia. "Mdomo huo," alisema. "Ndiyo maana mwanangu amekonda."

"Hospitali tutakwenda mimi na wewe, mama. Nitaomba ruhusa kwa dobi."

"Na mumeo?"

"Nitamwambia. Nitamwambia pia kwamba kubebwa hutaki, na kwamba atakayekubeba itabidi anibebe na mimi."

Bi Kiganja aliutazama mkono wake uliofungwa, akaugeuza huku na huku, akanung'unika kwamba fundo limekaa vibaya, kwamba kitambaa kile alikuwa amekiwekea kazi nyingine, na kwamba watu wa pasi hawajui kufunga kitu isipokuwa kukinyoosha. Nje palikuwa pameanza kupambazuka. Mtoto wa jirani alikuwa akilia, na mahali fulani ndoo ilikuwa ikiburutwa. Binti alisimama, akapangusa meza, akafika mlangoni.

"We!"

Aligeuka.

Mama mkwe alikuwa amempa mgongo, anapunguza utambi wa taa kwa mkono wa kushoto.

"Kesho uje," alisema. "Bado hujui kitu."