Birika kwenye Mdomo wa Shimo

Tangu mvua inyeshe, Bassou hakukalika. Alitoka nje, akautazama ule ukuta mrefu wa mwamba mwekundu, akarudi ndani, akatoka tena. Mkewe Tuda alikuwa akikanda unga.

"Utalitoboa zulia, mume wangu."

"Mwamba umeshakauka."

"Juu umekauka. Ndani je?"

Bassou akatoka tena. Ndani ya shimo lake mwambani, alimokuwa akitambaa kwa tumbo tangu Ramadhani iishe, taya la dinosaria lilikuwa limetokeza nusu, na meno yake yote. Mnunuzi wa mifupa ya kale wa mjini Erfoud alishaliona pichani. Lakini mwamba ule ni mchanga ulioshikana tu. Ukilowa, paa la shimo huachia bila kuaga. Kaka yake Tuda hawakumtoa mzima.

Bassou alipokwenda kuswali adhuhuri, Tuda aliangalia gunia la shayiri pembeni. Ndani yake alikuwa amelificha birika.

Wachimbaji wa pale huacha birika la chai kwenye mdomo wa shimo. Likiwepo, shimo lina mwenyewe, hata akikawia mwezi. Lisipokuwepo, shimo ni la yeyote. Jana, akitafuta mbuzi, Tuda alipanda akaliondoa. Afadhali wengine walichukue taya, alijiambia, kuliko shimo linichukulie mume. Kisha akaswali, akitumaini moyo utatulia. Haukutulia, akarudi kukanda.

Jirani yake Hadda aliingia kuomba chachu.

"Addi kapita na mtaimbo, anaimba kama bwana harusi. Eti kapata shimo halina mtu."

Mikono ya Tuda ilikwama kwenye unga. Addi, binamu yake Bassou, ambaye mkewe alikuwa bado kitandani na kichanga. Hilo Tuda hakuwa amelifikiria kabisa. Alilichomoa birika kwenye shayiri, akatoka mbio, unga umemjaa hadi viwikoni, midomo ikiomba, "Ya Rabi, nisichelewe."

Kwenye mdomo wa shimo alikuta kandambili. Ndani, chuma kiligonga.

"Addi! Toka!"

"Shemeji? Umeniletea chakula?"

"Shimo lina mwenyewe!"

"Birika nimelitafuta hadi chini ya mawe. Mwambie Bassou akalale."

Tuda aliligongesha birika kwenye jiwe, likalia. "Hili hapa! Nililiondoa mimi, Bassou hajui. Toka, nakuomba kwa jina la Mungu. Mwanao hajapewa hata jina!"

Chuma kikaacha kugonga. Kisha mkwaruzo, nyayo zikatangulia, tumbo likafuata, na mwisho kichwa chekundu kwa vumbi.

"Umeiba birika la mumeo mwenyewe?"

"Nimeiba."

Addi akacheka, akakatisha. Ndani ya shimo mchanga ulikuwa ukichuruzika, kama shayiri inayomiminwa kwenye chungu. Aliokota kandambili zake bila kuzivaa.

"Mimi simwambii," alisema akirudi nyuma. "Mwambie mwenyewe."

Tuda akabaki na birika mkononi. Akiliacha hapo, Bassou ataingia. Akiondoka nalo, ataingia mwingine. Aliliweka, akaliokota, akaliweka tena. Mwishowe akakusanya vijiti, akatoa kibiriti, majani ya chai, sukari, glasi na dumu la maji kwenye ufa wa mwamba ambamo Bassou huvihifadhi, akawasha moto. Alasiri ilipoingia, maji yote yakiwa yameishia birikani, alitayamamu kwa mchanga, akaswali. Kisha akaketi katikati ya mdomo wa shimo, mgongo ukielekea gizani.

Bassou alifika akihema. "Unafanya nini hapa?"

Tuda alimweleza yote, ya birika na ya Addi. Uso wa Bassou ukabadilika rangi.

"Sogea."

"Shimo lina mtu."

"Tuda, sogea nipite!"

"Nitakaa hadi likauke. Kesho nitakaa, na keshokutwa. Ukitaka kuingia, nikanyage."

Bassou alizunguka pale mbele, akapiga mawe teke, akamwita mkaidi, akawaita wazazi wake wakaidi. Tuda akachochea moto. Ndipo mchanga ulipochuruzika tena nyuma yake, safari hii kwa muda mrefu. Wote wawili walisikia. Bassou akasimama.

"Umetia sukari?" aliuliza baadaye.

"Njoo uonje."

Hakuja. Lakini alichuchumaa palepale alipokuwa, macho kwenye shimo, vidole vikifukua ardhi. Glasi ilikuwa moja tu. Tuda aliijaza, akaisogeza kati yao.