Mzee Jicho na Kijitabu cha Afya

Shukrani ni za Mola, aliyempa mja masikio mawili na ulimi mmoja. Kwake twaanza, na Kwake twaomba stara kwa tuliyoyapuuza.

Nyumbani walikuwa watatu: babu, binti yake mjane aliyeshona sare za shule, na mjukuu wa kike wa miaka minane, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno. Babu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na wenzake walimwita Mzee Jicho. Siri ya ufundi wake ilikuwa hii: alisoma kurasa kinyumenyume, neno la mwisho likiwa la kwanza, ili maana isimlaghai akaruka kosa. Vitabu visivyo idadi vilipita machoni pake. Moyoni hakikupita hata kimoja.

Mwaka ule kilikuja kijitabu cha afya, chenye sehemu ya watoto, ya vijana na ya wazazi. Akaking'oa makosa arobaini na moja, akarudi nyumbani kifua mbele. Alimkuta Chiriku ameinamia redio iliyovuma kama soko.

"Punguza!" Chiriku hakugeuka. "We mtoto, nasema na ukuta?"

Alipomgusa bega, Chiriku akageuka. "Babu, sikio linalia ndani kama nyuki."

"Nyuki huwaandama watoto wasiosikia," babu akatania.

Binti akasimamisha cherehani. "Baba, hata mimi haniitikii. Na mto wake kila asubuhi umelowa usaha. Nimpeleke zahanati?"

"Akatibiwe ukaidi? Maji ya kuoga hayo, yatakauka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Binti akarudi kwenye pindo lake. Neno la baba halikuwa na rufaa. Mvua zikaja, zikaenda. Chiriku akapunguza maneno, na babu akamsifu mbele ya majirani kwamba sasa ameshika adabu.

Ni mwalimu aliyeandika barua kwamba mtoto hasikii imla. Wakaenda hospitali wote watatu. Daktari alichungulia kwa taa yake ndogo, akauliza, "Usaha huu una muda gani?"

Binti alimtazama baba yake. Baba aliitazama sakafu.

"La kulia tutaliokoa, inshallah," daktari akasema. "La kushoto limeharibika hadi ndani. Sitaki kuwadanganya."

Walipokuwa wakingoja dawa kwenye benchi, Chiriku alichukua kijitabu mezani, akasoma kwa kidole: "'Sikio likitoa usaha, au usiposikia vizuri, mwambie mtu mzima mara moja.'" Akainua uso. "Babu, si nilikwambia? Siku ile ya redio?"

"Uliniambia, mjukuu wangu."

"Kwani wewe si mtu mzima?"

Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. Babu alikitazama kijitabu. Mkato baada ya "usaha" aliutia yeye kule kiwandani, kwa wino mwekundu, na ulikuwa umekaa mahali pake barabara.

Akainuka, akazunguka benchi, akaketi upande wa kulia wa mtoto. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, neno la mwanzo likiwa la mwanzo. Alisoma polepole kama mwanafunzi mpya wa chuo cha Kurani, kidole chake kikifuata mstari.

Ewe Mola Mpole, warehemu hawa watatu: mama na machozi aliyoyashonea ndani, mtoto na sikio lake moja, na mzee anayejifunza kusoma. Amin.