Bosi Hana Kichaa

Sisi watu wa kijiji cha Mamba tuna ugonjwa mmoja: tangawizi. Mafua, tangawizi. Tumbo, tangawizi. Kwa hiyo mbwa wetu Bosi alipoanza kutema ugali na kunuka mdomo, mjomba Elirehema hakutaka ushauri wa mtu. Alitwanga tangawizi mbichi, akampaka kwenye fizi iliyovimba.

Bosi, aliyefukuza nyani shambani miaka mitano bila likizo, aliruka juu, nusura aondoke na kidole.

"Kichaa!" mjomba akapiga kelele, tayari yuko juu ya rundo la kuni. "Hali chakula, mate yanamtoka, sasa anatung'ata sisi wenyewe!"

Jirani yetu Loth alifika na rungu kabla hajaitwa. Wakakubaliana: auawe kabla watoto hawajatoka shule.

Nikasimama mbele ya Bosi, aliyekuwa kwenye mnyororo.

"Shikamoo mzee Loth. Wewe ukipakwa tangawizi kwenye kidonda, utaimba pambio?"

"Marahaba. Blessing, toka hapo. Si kila kitu ni utani."

"Haya, utani basi. Wiki nzima anatafunia upande mmoja tu. Chanjo ya kichaa alipata mwaka huu, kadi hii hapa. Afisa mifugo nimeshampigia, yuko njiani. Akisema ni kichaa, nitawapisha."

Loth akaegemea rungu lake. Tukangoja hivyo, tukitazamana.

Dada Esther, afisa mifugo, alishuka kwenye bodaboda na begi lake. Akasoma kadi, akamfunga Bosi mdomo kwa kamba, akamchoma sindano ya usingizi, ndipo akavaa glovu, akafungua kamba na kuangalia. Meno ya nyuma yalikuwa na ukoga mgumu wa kahawia. Moja lilikuwa limevunjika, chini yake usaha mtupu.

"Hiki si kichaa, ni jino. Amelivunja kwa mifupa. Na hii tangawizi, nani kampaka?"

Mjomba akaanza kupanga kuni zake.

"Na nani alinipigia simu kusema anatafunia upande mmoja?"

"Mimi."

"Basi huyu mbwa anaishi kwa sababu yako."

Jamani, mimi mfupi, lakini siku ile nilimtazama Loth kwa juu.

Jino liling'olewa. Tukaagizwa tumpige mswaki kila siku, mswaki laini, bila dawa ya meno ya watu, na mifupa migumu marufuku. Barabarani wananicheka. Wacheke tu, Bosi anamaliza bakuli na nyani wamerudi kumheshimu.

Jumapili baada ya ibada, mjomba alimfunua Bosi mdomo mbele ya wanakwaya.

"Tazameni meno! Mamba nzima nani ana mbwa kama huyu?"

"Na nani anampiga mswaki?" Loth akauliza kwa kejeli.

"Mpwa wangu!" mjomba akajibu, kifua mbele. "Haya Loth, na wewe fungua mdomo tulinganishe."