Chombo cha Watu Wawili

Kwa Muniru, pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, redio ilikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Ilikuwa ya mkoba wa ngozi, na mkanda wake alikuwa akiutundika begani, na ilihama nyumba pamoja naye. Zamu ikiwa ya Habibah, mke mkubwa, redio ililala kwa Habibah. Zamu ikiwa ya Esperance, mke mdogo, ilivuka ua ikalala kwa Esperance. Majirani hawakuwa na haja ya kuuliza bwana yuko nyumba gani, walitega sikio tu wajue muziki unatoka dirisha lipi.

Habibah hakuwa mtu wa kugombania vitenge wala nyama. Alichogombania ni zamu yake. Siku mbili zilikuwa zake, mbili za mwenziwe, ndivyo Muniru alivyoahidi mbele ya shehe siku alipomleta yule msichana kutoka ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Kabla ya hapo mume alikuwa wake peke yake, miaka yote ile ya kununua kahawa kwa baiskeli. Baiskeli ilipogeuka lori, lori likaja na mke wa pili. Kwa hiyo zile siku mbili ndizo zilizokuwa zimembakia, na mtu akizigusa alikuwa amemgusa mboni ya jicho.

Esperance alitoka upande wa Butembo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapoomba chumvi. Shehe alikuwa amempa jina la Aisha, na hakuna aliyelikumbuka isipokuwa shehe. Yeye alimwita Habibah "yaya", na hilo peke yake lilitosha kumharibia Habibah asubuhi. Kasese, alikozaliwa yeye, yaya ni msichana anayelipwa kufua nepi za watoto wa mabwana wakubwa. Alikwishaelezwa mara nyingi kwamba kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa, na kwamba ni neno la heshima. Alielewa vizuri sana, ila alikuwa ameamua kukasirika na hakutaka tafsiri impunguzie.

Basi ilikuwa Aprili ya mwaka sabini, Jumanne, siku ya kwanza ya zamu ya Habibah. Alikuwa amepika ngege wa Katwe kwa mchuzi wa karanga, samaki mzima na kichwa chake, kwa sababu Muniru hupenda kichwa. Redio ilikuwa mezani. Msomaji wa habari akasema kwamba Wamarekani watatu waliokuwa njiani kwenda mwezini wamepata ajali huko juu, tangi la hewa limepasuka, chombo kimeharibika, na haijulikani kama watarudi hai. Muniru aliacha mkono ndani ya sahani. Mambo ya mwezi aliyapenda kuliko mpira.

Wakati huohuo Esperance alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha sufuria. Sufuria ikamponyoka. Akauliza hicho chombo kitaangukia wapi. Muniru, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema kwamba kitu cha juu kikiharibika huangukia popote, hata hapa uani. Alikuwa anatania. Msichana akakaa chini palepale, akatetemeka hadi meno yakagongana. Mume akamwinua, akamshika kiuno, akasema anampeleka kwake atulie kidogo. Alipotoka alichukua redio begani, eti ampatie habari nzuri ya kumpoza.

Hakurudi. Muziki ulitoka dirisha la ng'ambo mpaka kituo kikafunga matangazo, na yule ngege alilala mezani na kichwa chake.

Jumatano mambo yakawa yaleyale. Jua lilipotua tu, Esperance akaanza kulia kwamba anasikia kitu angani, na redio ikavuka ua. Habibah aliwaka. Ni woga gani huu unaojua zamu ni ya nani? Siku nzima msichana alikuwa ametwanga mihogo na kufua bila kuangalia juu hata mara moja, lakini giza la mke mwenzake likiingia, basi mbingu zinaanguka. Alimsimulia Feresita, mke wa polisi, walipokutana bombani. Feresita alicheka hadi ndoo ikamwagika, akasema kambini kwao wanawake huogopa afande tu, mwezi hawana habari nao, na kwamba yeye angejaribu ugonjwa huo kwa mume wake aone kama unafanya kazi.

Habibah mwenyewe alishafikiria kuujaribu. Alisimama katikati ya chumba, akafungua mdomo apige ukelele wa hofu. Koo lilikataa. Lilikuwa limezoea kukemea mbuzi na wachuuzi, na halikujua pa kuanzia.

Alhamisi asubuhi alimkabili Muniru karibu na lori, akamwambia waziwazi kwamba ameibiwa siku zake. Muniru hakubisha. Alikuwa anapeleka kahawa Kasese, angelala huko, na akaahidi kwamba Ijumaa jioni akirudi angekuja kwa Habibah moja kwa moja, bila kupitia popote. Kisha akamsifu kwamba yeye ni mwanamke kamili, haogopi kitu. Habibah aliona hayo ndiyo malipo ya kutoogopa, kulala peke yako na kichwa cha samaki. Mwishowe mume akavua redio begani, akampa yeye.

"Angalia mwenzako," alisema. "Huyu iko na woga mingi sana."

Lori likaondoka. Habibah akabaki na redio mikononi, na kwa mara ya kwanza habari zote za dunia zilikuwa nyumbani kwake. Wazo baya halikukawia. Esperance alipokuja mchana, amejifunga kitenge kichwani kama mgonjwa, akauliza, "Yaya, banasema nini?", Habibah alijibu bila kumtazama kwamba wamesema vipande vya chombo vitaanguka kwenye milima ya theluji, hapo juu yetu, na kwamba mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka afadhali avuke mapema. Redio haikuwa imesema hata neno moja la hayo. Wakati ule ilikuwa ikitangaza sabuni.

Esperance alirudi kwake mbio. Habibah akasimama dirishani, nyuma ya pazia, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Alimwona akifunga nguo ndani ya shuka. Alimwona akifunga mlango kwa kufuli. Akamwona anabeba mzigo kichwani, anafika kwenye lango, anaitazama njia ya Mpondwe. Nenda, Habibah alisema kimoyomoyo, nenda kwenu ukaogope kwa baba yako. Msichana akageuka, akavuka ua, akaingia moja kwa moja nyumbani kwa Habibah, akatua mzigo kando ya kitanda.

"Yaya, nyumba yako iko na mabati ya nguvu," alisema. "Kama ni kufa, siwezi kufa miye peke yangu."

Kumfukuza kulihitaji Habibah akiri kwamba amedanganya, na kukiri kulihitaji ulimi ambao hakuwa nao siku hiyo. Hivyo mtu aliyetaka kumwondoa mke mwenza katika ua akawa amemwingiza chumbani.

Alasiri mvua ikaja, kama ijavyo kila Aprili, na radi ikaanza kuviringika milimani. Ya kwanza ilipopiga, Esperance aliingia chini ya kitanda. Habibah akaguna, akasema pale hakuna mwanamume wa kutazama mchezo huo, atoke. Hakutoka. Habibah akainama na kandili kumvuta mguu, na ndipo alipoona sakafu imelowa. Mwanamke mzima alikuwa amejikojolea, na alikuwa akijaribu kupanguza kwa kiganja ili isionekane.

Hilo mtu haigizi. Habibah alijua hivyo mara moja, na alichukia kulijua.

Alichemsha maji. Alimtoa taratibu, akamwogesha kama alivyokuwa akiwaogesha Zaituni na binti zake wengine walipokuwa wadogo, akamvika kitenge chake mwenyewe cha Idi. Akampa chai ya tangawizi, akamshikia kikombe anywe. Na hata katikati ya huruma hiyo jicho lake halikulala, maana lilikwishaona hereni mpya masikioni mwa Esperance, za duka la Mhindi Kasese. Yeye Habibah aliletewa mawe ya betri ya redio. Alifunga kitenge kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Chai ilipoisha, Esperance akaeleza. Wakati wa waasi, huko kwao, ndege ilikuja juu ya soko siku ya gulio. Watu walidhani inapita tu, mpaka mabomu yakaanza kuanguka. Dada yake mkubwa alimtupa chini, akamlalia juu. Ndege ilipokwisha kwenda, Esperance aliita yaya, yaya, akidhani dada amesinzia, mpaka watu walipokuja kumwondolea ule uzito. Alisimulia hayo akitazama dari, na radi ilipolia alimshika Habibah mkono, kucha zikaingia kwenye nyama.

Habibah hakuutoa mkono. Alikaa akilifikiria lile neno alilokuwa akilichukia kila asubuhi, na akaona aibu ikimpanda hadi masikioni. Wivu haukuondoka kwa ajili hiyo. Ulisogea tu kidogo, aibu ikapata mahali pa kukaa.

Kutwa ya Ijumaa walisikiliza redio pamoja, migongo ukutani. Redio ikaeleza kwamba wale watatu wamehamia katika chombo kidogo kilichokuwa kimefungwa kwenye kile kikubwa. Chombo hicho kilitengenezwa kwa watu wawili, na sasa watatu wamebanana humo, kwenye baridi, maji kidogo na hewa ya kupimiana. Habibah akacheka peke yake, kicheko kikavu. Nyumba ya namna hiyo aliifahamu, wala hakuhitaji kwenda mwezini kuiona.

"Yaya," Esperance aliuliza, "ule wa tatu, mwenye alizidi, ni nani?"

"Hawakusema," Habibah akajibu, na akainuka kwenda kukoleza moto.

Muniru aliingia giza linashika, matope hadi magotini kwa sababu lori lilikwama karibu na Kikorongo. Alitimiza ahadi, akaja kwa Habibah moja kwa moja, mkononi kilo ya nyama na usoni tabasamu la mtu anayejua amesamehewa. Alimkuta Esperance kitandani, amejifunika hadi kidevuni. Akauliza kulikoni. Esperance akasema anaogopa vile vipande vitakavyoanguka milimani.

Muniru akashangaa. Kasese nzima ilikuwa imeshika redio, alisema, na hakuna aliyesikia habari ya milima. Chombo kitashuka baharini, mbali kabisa, usiku huuhuu. Ni nani aliyesema milima? Akamgeukia mwenye redio. Habibah alijua kwamba neno moja tu la yule msichana lingemvua heshima yote, siku zake mbili zikiwa ndani yake.

Esperance alimtazama Habibah, akamtazama mume.

"Ni miye nilisikia mubaya," alisema. "Swahili ya redio inanipita."

Muniru akacheka, akasema ndiyo hayo, sasa achukue mzigo wake arudi kwake akapumzike, maana leo ni haki ya Mama Zaituni. Esperance akaanza kushuka kitandani. Wakati huo radi ikapiga, karibu kuliko zote, na mabati yakalia. Msichana aliruka, akashika nguo ya mtu. Mume alikuwa amesimama palepale, mikono wazi, lakini nguo aliyoishika ilikuwa ya Habibah.

Habibah alitazama ile mikono iliyong'ang'ania kiunoni pake. Alitazama nyama iliyotoka Kasese. Tangu Jumanne alikuwa ameutamani usiku huu kama mfungwa anavyotamani lango, na sasa ulikuwa umesimama mbele yake na matope magotini. Akachukua redio mezani, akaitundika begani kwa mumewe.

"Leo utalala kule," alisema. "Hii chombo ni ya watu wawili."

Muniru akamkumbusha kwamba zamu ni yake. Habibah akakubali kwamba ni yake, na ndiyo maana ataitumia apendavyo. Akafunga mlango, na wakasikia viatu vya bwana vikivuka ua, vikisimama, vikarudi nusu, kisha vikaenda.

Alimlaza mwenziwe upande wa ukuta, akamshika mgongo mpaka pumzi zikawa ndefu. Mvua ilikuwa imebaki matone tu pale dirisha lilipogongwa. Ni Muniru, anahema. Wametua majini, alisema, wote watatu, wazima. Akaomba Esperance aamshwe asikie, roho yake itulie.

Habibah alimtazama aliyelala. Akiamshwa sasa atafurahi, hofu itamtoka, atajitwisha mzigo wake aende nyumbani kwake, na nyumbani kwake sasa kuna mume na redio. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa amelala, mwache, ataambiwa asubuhi. Ukimuuliza mpaka leo atakwambia ni huruma.

Muniru akaondoka. Esperance akajigeuza, hereni ikang'aa kidogo kwa mwanga wa kandili, na ndani ya usingizi akataja jina la Muniru, polepole, kwa raha kabisa. Habibah akavuta blanketi lote upande wake. Alilala hivyo, macho wazi, akimsikiliza mwenziwe anavyojikunyata kwa baridi. Kisha akamrudishia nusu.